Mstari Mweupe wa Somoe

Nyie vijana wa maabara mnaobonyeza kitufe kisha mkakaa kusubiri karatasi itoke kwenye mashine, siwaonei wivu. Nimestaafu na macho mabovu na kiuno kinachouma, lakini kazi yangu naijua mpaka leo. Nipeni sahani ya kioo, agari, chumvi na tezi ya ndama, na keshokutwa nitawaonyesha protini ambayo hamjawahi kuiona kwa macho yenu. Sijisifu. Haya, najisifu kidogo.

Maabara yetu ilikuwa Chang'ombe, jengo fupi la bati lililochangia ukuta na karakana ya kuchomelea mageti. Ilikuwa enzi za ruksa, serikali ilipofungulia bidhaa za nje. Kila aliyepata friji au televisheni kutoka Dubai alitaka na geti la chuma, kwa hiyo jirani zetu walichomelea kutwa. Kila wakianza, umeme ulizama, na mashine yetu ya kuzungushia sampuli ilinung'unika kama mtu aliyeamshwa usingizini. Nilijifunza kusikiliza. Nikisikia wamezima mtambo wao kwenda kula, mie ndiyo nawasha wangu. Chakula cha mchana nilikuwaga nakula saa kumi.

Mkuu wangu alikuwa Mzee Kapinga, mtu wa Songea, mrefu, anayeimba nyimbo za kanisani kwa pua akiwa anapima. Ndiye aliyenifunza kazi. Wiki yangu ya kwanza nilimharibia kazi ya siku tisa. Tulikuwa tunatoa kitu kwenye maini ya ng'ombe kwa ajili ya utafiti wa Dokta Lyimo, daktari wetu aliyekuwa amerudi kutoka masomoni nje. Mie nikaona vyombo vya kioo havijakauka vizuri, nikavifuta ndani kwa pindo la khanga yangu. Safi kabisa, nimeitoa kwenye pasi asubuhi ileile. Mzee Kapinga akasimama mlangoni akinitazama.

"Binti, unafanya nini?"

"Nakausha, Mzee."

Hakugomba. Alichukua vioo vyote, na vile vilivyokwisha kuwekwa dawa, akamwaga sinkini.

"Mkono wa binadamu una kimeng'enya kinachokula RNA, ndiyo hii tunayoitoa," akasema. "Kiko kwenye jasho, kiko kwenye mate, sasa kiko kwenye khanga yako. Ukikichemsha kinatulia, kikipoa kinarudi kazini."

Tangu siku hiyo vioo tulivioka kwenye tanuri kama mikate, na sikugusa kitu bila glavu. Jirani yangu mmoja aliniuliza mbona siku hizi hata nyumbani nashika kijiko kama nashika nge. Ikawa mazoea.

Sasa, hicho tulichokuwa tunakitoa kwenye maini ni nini? Niliuliza swali hilohilo. Mzee Kapinga aliniuliza kama nimewahi kufika sokoni Tandale. Nikamwambia nimezaliwa hapahapa Temeke lakini Tandale nakwenda, mama yangu ananunua vitunguu kule.

"Basi umewaona wachukuzi. Ndani ya seli ya kila mnyama anayenyonyesha, ng'ombe, panya, wewe na mimi, wamo wachukuzi. Vitabu vinawaita RNA za uchukuzi. Kila mmoja anabeba asidi amino ya aina moja tu na kuipeleka panapojengwa protini. Lakini hajitwishi mwenyewe. Kuna protini zinazomshika. Moja inamshika mkia akiwa mchanga ili asiliwe. Nyingine inamtwisha mzigo wake, na haimtwishi mzigo wa mwingine. Nyingine inamsindikiza mpaka kwenye ujenzi. Dokta anazitafuta hizo zinazowashika."

"Na akizipata?"

"Uliza mtu akizikosa itakuwaje," akasema, akaendelea kuimba.

Jibu la swali hilo sikulipata kitabuni. Lilikuja na mwanamke aitwaye Somoe.

Somoe alikuwa msusi, anakaa Mbagala kwa kaka yake. Umri wake na wangu ulikuwa sawa. Alipoletwa kliniki ya Dokta Lyimo alikuwa hawezi kuinua mikono juu ya mabega. Fikirini msusi asiyeweza kuinua mikono. Ilianza taratibu, akisuka kichwa kimoja anapumzika mara tatu, kisha hawezi kumaliza kichwa, kisha hawezi hata kujichana mwenyewe. Akikaa chini hainuki bila kushikwa. Akapata kikohozi kikavu, akakonda, na vidole vyake vikapasukapasuka pembeni, vyeusi na vigumu, utadhani anafungua injini.

Mnakumbuka, au mmesimuliwa, miaka ile mtu akikonda na kukohoa watu walisema nini. Alipimwa UKIMWI mara mbili, hana. Alipimwa kifua kikuu, hawakuona kitu. Lakini majibu ya hospitali yanasomwa na mtu mmoja, na maneno ya mtaani yanasomwa na mtaa mzima. Wateja waliacha kumjia. Mke wa kaka yake, Bi Sharifa, alikuwa na watoto wanne wadogo mle ndani na alikuwa anaogopa. Alitaka Somoe arudishwe Kilwa kwa wazee, akauguzwe huko.

Dokta Lyimo akaja maabara mwenyewe, ameshika chupa ndogo ya serumu, yale maji ya manjano yanayobaki juu damu ikiganda.

"Nina wazo," akasema. "Kuna watu ambao miili yao inaishambulia protini mojawapo ya zile zetu. Inayomtwisha mchukuzi asidi amino iitwayo histidini. Kwa nini mwili uichukie hiyo, hakuna ajuaye. Misuli inavimba, mapafu yanaumwa, vidole vinapasuka. Hawa hutibika, tukiwahi. Lakini dawa yenyewe ni kali. Kama ni kifua kikuu kilichojificha na mimi nikampa dawa hii, nitamuua. Nataka kujua kama damu yake ina kingamwili hicho, yaani askari wa mwili anayeishambulia protini hiyo."

Kipimo tulikuwa nacho. Nisikilizeni, maana hiki sasa mtakikuta kwenye makumbusho. Unayeyusha agari, unga ule unaotokana na mwani, unamimina kwenye sahani ya kioo, inaganda kama uji wa baridi. Unatoboa visima saba kwa kibomba cha chuma, kimoja katikati na sita kuzunguka. Sie kibomba chetu kilichongwa na wachomeleaji wa jirani. Kisima cha katikati unatia maji ya tezi ya ndama iliyosagwa, ambamo protini zote zile zimo kwa wingi. Visima vya pembeni unatia serumu ya mgonjwa, serumu ya mtu mzima asiyeumwa, na serumu ya kulinganishia, ya mgonjwa anayejulikana kabisa kwamba anacho; usipoona mstari wake, ujue kipimo chenyewe ni kibovu. Dokta alikuja nayo kutoka nje kwenye chupa ya chai yenye barafu. Unafunika, unaweka mahali penye unyevu siku mbili. Protini inatembea huku, kingamwili kinatembea huku, vikikutana na kutambuana vinashikana, na pale vinaposhikana panatokea mstari mweupe, mwembamba kama unywele. Hauonekani hivihivi. Unaweka sahani juu ya kaniki nyeusi na kumulika kwa tochi kutoka ubavuni.

Tezi ndiyo kazi. Ni tezi ya thaimasi, ipo shingoni kwa mnyama na kushuka kifuani, nyeupe yenye wekundu kidogo, ina mafundomafundo. Ndama anayo kubwa. Akikua inanyauka, inageuka mafuta. Na ndama hachinjwi kila siku.

Mzee Kapinga alikuwa amekwenda Songea msibani. Nilikwenda machinjioni peke yangu. Fundi niliyemzoea pale alikuwa Chande, kijana wa Lindi mwenye kisu chembamba kuliko kalamu. Alinifungia nyama kwenye mfuko akasita.

"Sista, leo ndama hamna. Hii ni ya maksai. Mzee wako huwa hachukui hii."

Nilimsikia. Nataka mwelewe kwamba nilimsikia vizuri. Lakini Dokta alikuwa ananisubiri, na mie nilitaka Mzee Kapinga arudi akute kazi imekwisha na jina langu chini yake. Nikasema, "Nipe tu."

Nilisaga, nikachuja, nikazungusha, nikatia. Siku mbili baadaye nikaweka sahani juu ya kaniki. Hakuna mstari. Kisima cha Somoe hakuna. Kisima cha serumu ya kulinganishia nacho hakuna.

Hapo kila mmoja wenu anajua nilitakiwa kufanya nini. Nami nilijua. Lakini kichwa cha binadamu kina mawakili wengi. Nikajiambia, serumu hii ya kulinganishia ni ya zamani, mgao wa umeme umeiyeyusha mara ngapi kwenye friza, imekufa. Ya Somoe ni mpya, ingekuwa na kitu kingeonekana. Nikajaza fomu. Nikaandika "Hasi." Mwandiko mzuri, sahihi yangu chini. Kwenye daftari la maabara, safu ya serumu ya kulinganishia nikaiacha wazi.

Mzee Kapinga alirudi Jumatatu. Nikampa pole ya msiba, akapokea, akavaa koti, akafungua daftari. Alikuwa na desturi ya kusoma daftari kabla ya kunywa chai. Akaweka kidole kwenye ile safu.

"Hapa?"

"Mstari haukutokea, Mzee."

"Wa kulinganishia haukutokea."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ulipima nini?"

Nikaanza kueleza habari za mgao, friza, serumu kuukuu. Aliniacha niseme yote. Nilipomaliza akauliza tena, kwa sauti ileile, "Ulipima nini?" Nikasema, "Sikupima kitu." Halafu nikamwambia na habari ya maksai, ambayo hakuwa ameiuliza. Ilinitoka tu, pamoja na machozi.

"Maji ya machozi nayo yana kile kimeng'enya," akasema. "Usilie juu ya meza ya kazi. Nenda kamwambie Dokta, wewe mwenyewe, kwa mdomo wako. Mimi nitatafuta ndama."

Kumwambia Dokta Lyimo kulikuwa kugumu, lakini kulichukua dakika tano. Alinisikiliza, akavua miwani, akaifuta muda mrefu. Akasema kwamba kwa jibu langu alikuwa amemruhusu Somoe kwenda nyumbani Ijumaa, na amewaambia ndugu zake kwamba hajui anaumwa nini. Wanampeleka Kilwa. Lini? Wiki hii.

"Nitakwenda Mbagala," nikasema.

"Utawaambia nini?"

"Nitawaambia nilikosea."

Nilimkuta Bi Sharifa anachambua mchele kibarazani. Mwanamke mnene, mchangamfu, anayejua kusema. Somoe alikuwa amelala kwenye mkeka ndani, mlango wazi, nikasikia kikohozi chake. Nilijieleza natoka wapi. Bi Sharifa akaweka ungo chini.

"Si mmeshasema hamkuona kitu? Mmetunyonya damu, mmetuzungusha, mwisho hamjui. Tumeshapata mtu wa kutupakia kwenye lori la chumvi, Alhamisi asubuhi anaondoka."

"Dada, kilichokosewa hakikukosewa na daktari. Ni mie. Nilitumia kitu kisichofaa, kipimo hakikufanya kazi, na badala ya kusema hakikufanya kazi nikaandika kwamba hana."

Akanitazama. Naona alikuwa hajawahi kumsikia mtu wa hospitali akisema hivyo.

"Na mnaweza kukosea tena?"

"Naweza. Lakini kipimo kina njia ya kuniumbua nikikosea, na safari hii nitaitazama."

"Mie nina watoto humu ndani," akasema, sauti imeshuka. "Unadhani nafurahi? Huyu ndiye aliyenisuka siku ya harusi yangu. Lakini nina watoto."

Kutoka ndani Somoe akasema kwa taabu, "Wifi, mpe siku anazotaka. Kilwa haiondoki."

Nikapewa mpaka Jumamosi.

Ndama tulimpata Jumanne alfajiri, ni bahati tu. Alivunjika mguu wakati wa kushushwa kwenye gari. Chande alimtuma mtu mbio aje kutuita. Mzee Kapinga alisimama karibu na Chande, akamwonyesha kwa kidole bila kugusa: hapo, sasa hapo, shuka. Tezi ikatoka kubwa, ina mafundo, ya moto bado. Tukaizika kwenye barafu ya wauza samaki ndani ya ndoo, na kutoka hapo tukawa tunashindana na saa. Tezi ikipata joto inajila yenyewe. Mgao wa umeme eneo letu ulikuwa unaanza saa sita. Tulikata vipande, tukasaga ndani ya maji ya chumvi, kinu chenyewe kimekaa kwenye barafu, vidole vyangu vimekufa ganzi ndani ya glavu. Tulipofika kwenye kuzungusha, jirani wakaanza kuchomelea. Mashine ikanung'unika, ikapunguza mwendo.

Mzee Kapinga alivua glavu. Alitoka na koti lake jeupe, na kupitia ukuta nikamsikia anawaambia, "Vijana, naomba nusu saa. Kuna mgonjwa." Kukawa kimya. Nusu saa ile ndugu zangu wale walikaa juu ya mageti yao wakavuta sigara, wala hawakuuliza mgonjwa gani.

Nilitia visima mwenyewe. Mzee alikataa kushika. "Mkono ulioharibu ndio utengeneze," ndivyo alivyosema, akaenda kuosha kinu. Kisha zikaja siku mbili ambazo hazina kazi yoyote. Usifunue sahani. Usiisogeze. Nilifagia maabara ile mpaka sakafu ikataka kutoboka.

Alhamisi mchana nilitandika kaniki, nikashika tochi. Kwanza nikatazama kisima cha mtu asiyeumwa: hakuna kitu, kama inavyotakiwa. Kisha cha kulinganishia. Mstari upo. Serumu kuukuu niliyoisingizia kifo ilikuwa nzima kabisa. Ndipo nikahamisha tochi kwenye kisima cha jirani yake, cha Somoe.

Upo. Mweupe, mwembamba, na ukaja ukakutana na ule wa kulinganishia, ikaungana kama upinde mmoja, haikukatana. Ikikatana, maana yake ni protini mbili tofauti. Ikiungana ni protini ileile. Nilimwita Mzee Kapinga, akainama, akatazama, akaniambia nizime tochi. Akaniambia niiwashe tena. Akatazama mara ya pili.

"Andika," akasema. "Safu zote."

Kingamwili chenyewe vitabuni kinaitwa Jo-1, nacho siku hizi mnakipima kwa kikaratasi chenye rangi kabla chai haijapoa. Vizuri sana. Nawaomba tu, kwenye kikaratasi hicho kuna kimstari cha kulinganishia, na nimewaona baadhi yenu mnaruka macho moja kwa moja kwenye kile cha mgonjwa. Msiruke. Anzeni pale.

Somoe alilazwa, akaanza dawa. Miezi miwili akainuka mwenyewe kitini. Karibu mwaka akarudi kusuka, kwanza watoto, kwa kuwa anaweza kuwakalisha chini, kisha watu wazima. Kikohozi hakikumwisha, na dawa zilimvimbisha uso akawa anatucheka sie tuliomjua akiwa mwembamba. Aliishi miaka mingi. Sisemi tulimponya, maana ugonjwa ule haukumwacha. Alikaa nao tu, wakagawana nyumba. Mzee Kapinga alistaafu akarudi kwao kulima kahawa. Nami niliendelea pale mpaka nywele zikawa nyeupe.

Lakini siku ninayopenda kuwasimulia ni Ijumaa ile, siku moja baada ya mstari. Bi Sharifa alikuwa amemleta Somoe wodini, kisha akaja maabara kunitafuta. Alisimama mlangoni na kapu lake.

"Wanasema umeuona."

"Nimeuona."

"Nami nataka."

Mgeni haruhusiwi kuingia. Nilimtazama Mzee Kapinga, naye akageuka kutazama dirisha. Nikampa koti, nikatandika kaniki, nikamulika. Ilimchukua muda, mwanzo hakuona kitu, akainama mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo, nikamvuta nyuma kidogo.

"Huu? Kama uzi?"

"Huo."

"Huu ndio ulikuwa unamla?"

"Mwili wake umeichukia protini yake mwenyewe. Mstari ni mahali vilipokutana."

"Na unaambukiza?"

"Hapana."

"Hata kidogo? Kwa mate? Kwa jasho?"

"Hata kidogo, dada. Hauna njia ya kutoka kwake kwenda kwa mtu."

Akavua koti, akalikunja vizuri akanirudishia. Tukatoka pamoja kwenda wodini, maana nilitaka kumsalimia Somoe. Alikuwa ameegemezwa mto, ameletewa chai. Kitandani kando yake palikuwa na kikombe cha bati cha kijani, na kwenye mkono wa kikombe hicho wamefunga uzi mwekundu. Nikauliza uzi wa nini. Somoe akatazama pembeni. Bi Sharifa ndiye aliyenijibu.

"Ni alama. Watoto nyumbani wasije wakakichukua wakakinywea."

Akakaa ukingoni mwa kitanda. Somoe alikuwa amekunywa nusu, mikono imemchoka, kikombe kinatetemeka. Bi Sharifa akakipokea, akauvuta ule uzi kwa meno mpaka ukakatika, akautema kapuni. Kisha akanywa chai iliyobaki, yote, taratibu, akaegemeza kichwa nyuma kupata hata sukari iliyotuama chini, na Somoe akimtazama.

"Imepoa," akasema Bi Sharifa, akainuka kwenda kumtafutia nyingine.